Mzee Masanja Alivyotufunga Helmeti

Vijana wangu wa bandani, mliniaga kwa soda na keki, mkanivisha kanga mpya, na kabla sijafika getini mmoja wenu akaniomba niandike ninayoyakumbuka kabla hayajanitoka kichwani. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Nyegezi, magoti yanauma kwa kukosa kazi, naandika. Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu. Pale bandani vyeo vilikuwa viwili, anayezoa samadi na anayemwambia mwenzake azoe, na vyote nimevishika, mara nyingine siku hiyo hiyo.

Nitaandika habari za helmeti, au elementi kama wengine wenu mnavyoiita. Najua mlinung'unika sana. Mlisema kwangu mimi, Mwalimu Kabula, hata kumwongoza farasi kwenda kunywa maji lazima mtu avae kofia ngumu. Mlisema kweli. Acheni niwaambie ilikotoka.

Nilikuja Mwanza nikitokea Sengerema, msichana wa familia ya wafugaji. Daraja lilikuwa bado, nikavuka Kigongo kwa kivuko nikiwa nimekalia begi langu ili lisiibwe. Ng'ombe nilimjua kwa tabia zake zote. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha ya kitabu cha shule, na kwenye picha hiyo alikuwa mdogo. Binamu yangu aliniambia kuna mama mmoja ana banda la farasi ufukweni, anatafuta mtu wa usafi asiyeogopa wanyama.

Mama huyo ni Bi Zainabu. Nyinyi mmemkuta mtu mzima wa kukaa kwenye kiti akitoa maagizo, lakini wakati ule alikuwa anapanda farasi asubuhi zote, hijabu imebanwa ndani ya helmeti, mgongo umenyooka kama mlingoti. Banda alirithishwa na baba yake, mfanyabiashara wa siku nyingi mjini, aliyependa farasi kuliko duka. Aliniuliza swali moja.

"Unaogopa ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Basi farasi atakufundisha kuogopa. Nenda kwa Mzee Masanja."

Mzee Masanja nilimkuta ameinama chini ya farasi, anachokoa matope kwenye kwato. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika marahaba bila kuinua kichwa, akanionyesha kwa kidole nisimame wapi. Alikuwa mfupi mwenye mikono mirefu, na ananuka farasi na sabuni ya mche kwa kiwango sawa. Watu alizungumza nao Kiswahili, farasi alizungumza nao Kisukuma. Nilipomuuliza kwa nini, alisema farasi hawajasoma.

Siku ile ya kwanza hakuniruhusu kushika kitu. Nilitembea nyuma yake tu, nikisikiliza masharti yake. Usimwendee farasi kwa nyuma. Toa sauti kwanza, kisha mguse begani, kisha ndipo ufanye lililokupeleka. Usizungushe kamba mkononi, ikunje tu, maana akitimka atakwenda na vidole vyako. "Huyu ni mnyama mwoga," aliniambia, "na ana nguvu nyingi. Watu wanakumbuka nguvu, woga wanausahau. Kinachoumiza watu ni ule woga."

Aliyenipandisha farasi mara ya kwanza ni yeye. Jike mmoja wa rangi ya kahawia aliyeitwa Shaba, mpole mno, ukimwambia simama analala. Kabla sijaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, Bi Zainabu akapaza sauti toka mlangoni kwamba yeyote aliyeajiriwa na yeye hapandi bila helmeti. Nikavalishwa moja ya zamani iliyokuwa inanuka vichwa vya watu wengi. Mzee Masanja mwenyewe alikuwa amevaa pama ya majani yenye ukingo mpana.

"Na yeye?" nilimuuliza Bi Zainabu baadaye, tukiwa wawili.

"Yeye aliajiriwa na marehemu baba," akasema. "Mimi alinipandisha farasi sijaota meno ya mbele. Kila mwaka namwambia, na kila mwaka ananijibu hiyo ni ya wanaoanguka. Nimfanyeje?"

Na ni kweli hatukuwahi kumwona ameanguka. Farasi akiruka, yeye anabaki pale pale kama ameshonewa kwenye tandiko.

Kitu kingine mnachopaswa kujua juu yake ni hadithi. Mchana tulikula pamoja kwenye kivuli cha yale mawe makubwa yaliyo upande wa ziwa, na Mzee Masanja alisimulia. Ilikuwa ni habari ya jirani aliyeuza ng'ombe kisha akamfuata kumlilia, au ya kiboko aliyeingia shamba la viazi. Tulikula polepole makusudi. Mkewe, Mama Limi, aliwahi kuniambia kwamba nyumbani ni hivyo hivyo, chakula cha jioni hakiliwi mpaka mzee amalize kueleza siku yake, na kwamba zamani alikuwa anachoka lakini sasa asiposikia hapati usingizi.

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa. Nikapanda, nikajifunza kufundisha watoto wa mjini waliokuja Jumamosi, nikazoea.

Siku aliyoumia ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Nalisema hili mara kwa mara kwa sababu watu hudhani ajali huja na mbio. Alikuwa juu ya Shaba, yule yule mpole, anatembea hatua kwa hatua ufukweni kumnyoosha miguu. Mimi nilikuwa nyuma nikimwongoza farasi mwingine kwa kamba. Wavuvi walikuwa wametupa matumbo ya samaki nyuma ya jiwe, na korongo mmoja, wale wakubwa wenye mfuko shingoni, akainuka ghafla kutoka pale na mabawa yake yote. Shaba akaruka pembeni. Ni hatua moja tu aliyoruka. Mzee Masanja akatoka upande wa pili, na kichwa kikagonga jiwe.

Sauti yake sitaieleza.

Alinyanyuka kabla sijamfikia. Akacheka. Akaokota pama yake, akaikung'uta, akamwambia Shaba maneno ya kumsuta kwa Kisukuma. Damu ilikuwa kidogo tu, juu ya sikio. Nikamwambia twende hospitali, akasema hospitali ni kwa wagonjwa, akaenda kutia pumba kwenye ndoo za farasi.

Mchana aliniuliza kama farasi wameshakunywa maji. Nikamwambia wamekunywa. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Mara ya tatu aliponiuliza aliniita Limi, jina la binti yake, nami nikaiacha sahani yangu chini nikakimbia kwa Bi Zainabu. Yeye hakuuliza maswali. Alichukua ufunguo wa pikapu, tukamweka mzee katikati yetu, na njiani kwenda hospitali alianza kutapika. Bi Zainabu aliendesha akiwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Mimi nilimshikilia kichwa mzee. Nilikuwa nakishika kama yai, kana kwamba kushika kwangu kungesaidia.

Walimpiga picha ya kichwa, wakakuta damu imevia ndani. Wakamfungua fuvu siku ile ile. Mama Limi alifika akiwa na unga mikononi, hakuwa amenawa, na alikaa kwenye benchi mpaka unga ule ukakauka ukaanza kudondoka wenyewe.

Alipona, maana yake hakufa. Daktari alitueleza kwa upole kwamba kupona kwa kichwa si kama kupona kwa mguu. Alipofumbua macho hakuwa na Kiswahili hata neno. Nilikwenda kumwona asubuhi moja nikamwambia, "Mwangaluka," kama tunavyosalimiana kwetu, akaniangalia muda mrefu, midomo ikahangaika, kisha akaitika. Mama Limi akageukia ukutani. Kiswahili kilirudi baadaye, kidogokidogo, na maneno yakitoka yanatoka kwa tabu, kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Majina ya watu hayakurudi. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na mguu wa upande huo akawa anauburuta. Na hadithi ziliisha. Alikuwa anaanza, "Leo nili... leo yule...," halafu anapotea katikati, anatikisa kichwa, ananyamaza.

"Chakula tunakula kikiwa cha moto sasa," Mama Limi aliniambia, na alikuwa anajaribu kutabasamu.

Kazi ya kufundisha ikawa yangu. Bi Zainabu akanunua helmeti mpya, za ukubwa mbalimbali, akatupa zote zilizonuka, na kuanzia hapo ikawa sheria kwa kila anayegusa farasi, hata ndugu zake. Kijana mmoja wa bodaboda aliyeajiriwa kubeba majani alikuja na helmeti yake ya pikipiki yenye kioo cheusi mbele. Farasi walimwona wakarudi nyuma wote pamoja. Tukamweleza kwamba helmeti ya farasi ni nyepesi, inaacha masikio na macho wazi, na imetengenezwa kwa kuanguka kwa namna nyingine. Alikubali, ingawa alisikitika, kwa sababu ile yake ilikuwa na picha ya simba.

Baada ya miezi mingi Mama Limi alimleta mzee bandani. Alisema nyumbani anashinda anaangalia mlango. Daktari alikuwa amekataza kabisa asipande, kwa sababu pigo la pili kwenye kichwa kile lingekuwa la mwisho. Mzee mwenyewe alilijua hilo. Alikwenda moja kwa moja kwa Shaba, akatoa sauti kwanza, akamgusa begani, akaweka paji la uso kwenye shingo yake, wakakaa hivyo. Mimi nilijifanya natafuta brashi.

Akawa anakuja kila siku ya mafunzo. Siku moja, watoto wakijiandaa, aliketi kwenye benchi la mlangoni akamvuta mtoto mmoja taratibu, akaanza kumfunga mkanda wa kidevuni. Vidole vilitetemeka, kibano kikamtoka, akaanza upya, kikamtoka tena. Niliinua mguu nikamsaidie, Bi Zainabu akanishika mkono. Tukasimama. Mtoto naye alisimama, kidevu juu, mpaka kibano kikabana. Mzee akapitisha kidole kimoja kati ya mkanda na ngozi, akatikisa helmeti kuona kama inacheza, akampigapiga juu. Akamvuta wa pili.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nilibadilisha ratiba ya masomo ili muda utoshe. Watoto wa mjini, ambao nyumbani hawasubiri hata chai ipoe, walipanga foleni mbele ya benchi lile wakainua videvu. Kwa kuwa majina hayakumjia, wasichana wote aliwaita Mama na wavulana wote Baba. Mimi pia alinifunga, na Bi Zainabu pia. Ukijifunga mwenyewe alikufungua akaanza upya.

Ndipo akaja Rahma. Alikuwa binti wa shule ya sekondari, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini, mwembamba, na hana maneno mengi isipokuwa kwa farasi. Alivaa hijabu, na chini yake nywele nyingi zilizofungwa kibonge nyuma ya kichwa. Siku ya kwanza alipofika kwenye benchi, Mzee Masanja alimvika helmeti, akaitikisa, ikacheza. Akavika kubwa zaidi, ikakaa juu ya kile kibonge kama sufuria juu ya mafiga. Mzee akaivua, akaiweka magotini kwake, akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama."

Rahma akanigeukia. "Mwalimu, nitaenda polepole tu. Sitakimbia."

Nikamwambia hata polepole haiwezekani. Machozi yakamjaa. Alidhani anakataliwa kwa sababu ya hijabu yake, na aliliambia hivyo tandiko lililokuwa limening'inia ukutani, si mimi, kwa sauti ya chini. Bi Zainabu alisikia. Akamshika mkono, akatuingiza sisi wawili chumba cha matandiko, akafunga mlango kwa komeo.

"Mimi nimepanda farasi na hijabu tangu nikiwa mdogo kuliko wewe," akamwambia. "Kaa hapa chini."

Tukafungua kile kibonge. Tukasuka mistari miwili bapa inayoshuka kisogoni. Pini zote zikatoka, maana pini ikiwa chini ya helmeti siku ya kuanguka inaingia kichwani yenyewe. Bi Zainabu akatoa kwenye mkoba wake kofia laini ya pamba, nyembamba kama fulana, aliyoishona mwenyewe, inayofunika kichwa na shingo bila fundo wala mkunjo. Akamvisha. Akarudi nyuma akamtazama, akaikunja kidogo kwenye kidevu.

"Hii chukua. Nitashona nyingine."

Tulipotoka, Rahma alikwenda mwenyewe mbele ya benchi akainua kidevu. Mzee alimvika, akatikisa. Haikucheza. Alitumia muda mrefu kwenye kile kibano, na alipomaliza alicheka, cheko la zamani ambalo sikuwa nimelisikia tangu asubuhi ya korongo.

Rahma alikuwa na kipaji. Kabla mvua za vuli hazijaja alikuwa ameshavuka mwendo wa kutembea na mchakamchaka, anaanza kukimbia. Siku ninayotaka kuwaeleza alikuwa anazunguka uwanja wa mazoezi vizuri kabisa, mikono imetulia, na mimi nilikuwa katikati nikijisifu kimoyomoyo. Farasi akajikwaa. Goti la mbele likaenda chini, Rahma akapita juu ya bega lake, na kichwa kikagonga nguzo ya uzio.

Sauti ilikuwa tofauti na ile ya kwanza. Ilikuwa kavu, kama debe. Lakini miguu yangu haikujua tofauti hiyo, ilikataa kwenda.

Mzee Masanja ndiye aliyenipita. Mtu ambaye alitembea kwa kuburuta mguu alivuka uwanja ule akapiga magoti mchangani kabla yangu, akaweka mikono yake miwili juu ya mabega ya mtoto.

"Rahma," akasema. "Usinyanyuke. Tulia hapo hapo."

Nililisikia jina lile nikadhani limesemwa na mtu mwingine.

"Shingo inauma?"

"Hapana, babu."

"Vidole vya miguu, vicheze. Vizuri. Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Asubuhi ulikula nini?"

"Chapati. Na chai. Nimekuvunjia nguzo?"

"Nguzo ipo. Kaa hivyo hivyo. Nitakuuliza tena."

Na akamuuliza tena, maswali yale yale, kwa utaratibu, mpaka pikapu ikaja. Helmeti hatukumvua, waliivua hospitalini. Walimpima, wakampiga picha, wakamwangalia mpaka jioni, na hawakukuta kitu isipokuwa bega lililovimba. Baba yake alikuja mbio toka dukani, mita ya kupimia vitambaa bado iko shingoni. Nilipompa ile helmeti aliigeuza mkononi. Kwa nje ilikuwa na mkwaruzo tu, lakini kwa ndani ule ukuta mweupe wa povu ulikuwa umepasuka toka upande mmoja hadi mwingine. Alipitisha kidole kwenye ule mpasuko, kisha akaenda kuketi kando ya kitanda cha mwanawe akamshika mguu juu ya shuka.

Rahma aliiomba ile helmeti aitunze. Nilimkatalia. Helmeti iliyokwisha kupigwa imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa, na mtu akiikuta ataitia gundi ampe mtoto mwingine. Niliikata mikanda kwa kisu mbele yake. Nanyi mkiona mimi sipo msije mkaanza kuonea huruma kofia.

Alirudi bandani bega lilipopoa, na baadaye alinizidi mimi kwa kupanda. Mengine mnayajua kwa kuwa mlikuwepo. Lakini kesho yake, baada ya siku ile ya kuanguka, hamkuwepo, na ndiyo ninayotaka mbaki nayo.

Nilikuwa natia maji kwenye pipa. Nikamwona Mama Limi anakuja peke yake kwa njia ya ufukweni, anatembea haraka. Nikajua mzee amezidiwa kwa zile mbio za jana.

"Shikamoo, mama. Mzee vipi?"

"Marahaba. Amelala. Amechoka." Akakaa kwenye benchi la mlangoni, akavua kanga kichwani akajifuta uso. "Kabula, jana mtoto alianguka?"

"Ndiyo, mama. Lakini mzima. Usihofu."

"Najua ni mzima. Najua na alikula chapati." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Amenisimulia. Alikaa mezani akaanza, nikasema atapotea sasa hivi, nikangoja apotee. Hakupotea. Farasi akajikwaa, mtoto akaruka, wewe umesimama kama mti, nisamehe, ndivyo alivyosema. Nguzo, gari, hospitali. Mwanzo mpaka mwisho, Kabula. Jina la mtoto kalitaja."

Nilifunga bomba, nikaketi kando yake.

"Ugali ukapoa," akasema. "Dagaa nao wakapoa. Nikamwambia, endelea, mume wangu. Endelea tu."